Miaka mitatu ya saikolojia, halafu?

Dada yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, simu ya binti yake mkononi, uso ameukunja kama mtu aliyeletewa bili ya maji ya nyumba nzima. Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), na kachaguliwa kwenye vyuo viwili: ualimu hapa Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), na Shahada ya Elimu katika Saikolojia, Chuo Kikuu cha Dodoma. Anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba aliyotumiwa kwenye simu kabla dirisha halijafungwa.

"Wewe ndiye mjomba wake," dada akasema. "Hii saikolojia ni kutibu vichaa au ni nini? Na akimaliza anaajiriwa wapi?"

Watu wengi hukimbilia swali la pili, la kwanza wakaliruka. Mimi naanza nalo, maana ndilo linalowaponza vijana. Anayelaza wagonjwa na kuwaandikia dawa pale hospitali ya Bugando ni daktari wa magonjwa ya akili. Huyo kasoma udaktari kwanza, ndipo akabobea. Anayetibu kwa mazungumzo, mwanasaikolojia tiba, anahitaji shahada ya uzamili, kama ile inayotolewa Muhimbili. Shahada ya kwanza haimkalishi mtu kwenye kiti chochote kati ya hivyo viwili. Tena hii ya Dodoma, sawa na mwenzake wa Mlimani, Dar es Salaam, jina lake linaanza na neno "elimu", na mlango wake wa karibu ni darasani. Kijana anaingia chuo tayari kajiona kwenye ofisi yenye kochi na pazia. Miaka mitatu baadaye anafungua tovuti ya Sekretarieti ya Ajira kila asubuhi, kama walimu wengine wote.

Na akiipata hiyo kazi? Niliwahi kufundisha sekondari moja ng'ambo ya ghuba. Akaletwa kijana aliyesomea saikolojia. Wiki ya kwanza mkuu akamkabidhi malezi na ushauri nasaha, jambo la maana kabisa. Wiki ya tatu, kwa kuwa ana sauti nzito, akaongezewa nidhamu. Basi asubuhi yuko getini na fimbo kuwasubiri wachelewaji, mchana anamwita mwanafunzi yuleyule ofisini: "Niambie, nini kinakusumbua?" Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, kwa hiyo hakuvunja sheria yoyote. Ila Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kijana yule alimsoma chuoni na kumfanyia mtihani, alisema adhabu huizima tabia kwa muda tu, wala haimwonyeshi mtoto afanye nini badala yake. Muhula mzima hakuna mwanafunzi aliyeugonga mlango wake kwa hiari. Alikuwa anasahihisha daftari za Kiswahili humo ndani, chini ya bango alilolichora mwenyewe kwa maka pen: KARIBU TUZUNGUMZE.

Kwa hiyo wanaosema shahada hii ni jina kubwa na mfuko mtupu, siwezi kuwaita waongo.

Wapo pia wanaoishambulia saikolojia yenyewe kutoka ndani, na hao ndio wenye hoja nzito zaidi. Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake wawili, wakinukuu hesabu ya mtafiti mwingine, waliandika kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika tafiti za majarida makubwa ya saikolojia walitoka kwenye nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia, wengi wao Wamarekani. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti likarudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa; karibu zote zilikuwa zimetangaza matokeo ya uhakika, lakini ziliporudiwa ni takribani 36 tu zilizotoa tena matokeo ya aina hiyo. Mwanafunzi wetu anakariri nadharia hizo usiku kucha Dodoma, na pengine nusu yake haitasimama, au itasimama kwa vijana wa Michigan na kuanguka kwa vijana wa Igoma.

Mtu akitaka kuipiga saikolojia mawe, basi mawe yapo, na wameyaokota wanasaikolojia wenyewe. Kwangu hapo ndipo upepo unapogeuka. Sijui fani nyingi zinazokaa chini kuhesabu ni mara ngapi zimekosea, zikachapisha hesabu hiyo kwa majina. Anayeelewa tafiti 100 zilirudiwaje amejifunza takwimu, sampuli, na namna ya kuuliza swali bila kumtia mtu jibu mdomoni. Ni kozi ambazo wanafunzi wanazikwepa kwa kuogopa sapu, ule mtihani wa marudio, nazo ndizo zenye soko: miradi ya afya, ya uvuvi, ya watoto, yote inatafuta mtu anayejua kutengeneza dodoso na kulisoma likirudi.

Halafu kuna jambo moja linaloniudhi, na nitalikalia kidogo. Kila anayesoma saikolojia ya makuzi anafundishwa namna mtoto anavyojifunga kwa mlezi wake, na anafundishwa jina la Mary Ainsworth pamoja na chumba cha majaribio cha Baltimore, ambako mama hutoka, mgeni huingia, na mtoto hutazamwa analia vipi. Lakini Ainsworth, Mmarekani aliyekulia Kanada, hakuanzia Baltimore. Mwaka 1954 alifika Kampala, mumewe akiwa amepata kazi huko, akawa anakwenda vijiji vya Buganda na mkalimani, anakaa sebuleni kwa watu, akiwatazama akina mama 26 na watoto wao 28. Ndiko alikoona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kumwangalia mama, akirudi, akienda tena. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967. Kwa maneno mengine, moja ya nadharia zinazotajwa sana katika somo hili ilijengwa kwa sehemu kubwa ng'ambo ya ziwa hilihili la Victoria tunaloogea, nasi tunaipokea kama mtumba kutoka Marekani.

Na maswali yake hayajaisha. Pale Mwaloni akina mama wanatoka nyumbani kabla ya alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa. Mpwa wangu mwenyewe kalelewa na bibi yake Ukerewe hadi darasa la pili. Mtoto wa namna hiyo kituo chake cha kurudia ni nani: mama, bibi, au huyo dada mwenye miaka tisa? Sitegemei jibu hilo litoke Baltimore.

Kuna hoja nyingine dhidi ya shahada hii, na naipenda kwa sababu inauma. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na mabibi 14 huko Mbare, Harare, nchini Zimbabwe. Hawakuwa na shahada. Walifundishwa, wakawekewa mabenchi nje ya kliniki, wakawasikiliza watu. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa kama bibi anaweza, mpwa wangu aende Dodoma miaka mitatu kufanya nini?

Ila tazama nyuma ya benchi. Wagonjwa walipimwa kwa dodoso lililotungwa kwa Kishona, kwa maneno ya watu wenyewe. Neno lao kubwa ni kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kuna aliyekaa akayakusanya maneno hayo. Kuna aliyewafundisha mabibi na kuwasimamia. Kuna aliyehesabu nani kapona. Kufungisisa kwa Waswahili kuna ndugu yake: mtu akikwambia "nina mawazo", hakwambii kwamba anafikiri. Mwingine atasema kichwa kinawaka moto, au moyo unaenda mbio, na dodoso lililotafsiriwa ofisini likimuuliza kama ana "huzuni" atajibu hapana, bila kudanganya. Pwani hii ya ziwa imepitia kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996 na kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018. Jirani yangu mmoja hapandi chombo cha majini mpaka leo, hata kivuko cha Kamanga. Anazunguka kwa basi na kusema anapenda kuona mandhari. Sisi tunamcheka, naye anacheka nasi.

Basi dada nilimjibu hivi. Kama hoja ni ajira ya haraka, Malimbe haina ubaya: binti atalala nyumbani, ataokoa kodi ya chumba, na akiwa na Jiografia na Kiswahili hatakuwa nyuma ya yule wa saikolojia kwenye foleni ya ajira. Dodoma aende tu iwapo anakubali kwamba miaka mitatu ile ni nusu ya safari, kwamba uzamili utakuja na gharama zake, na kwamba takwimu haziepukiki. Kwa hesabu ya mfuko, ningesema Malimbe. Sikuificha hiyo.

Kisha nikamgeukia mwenyewe, aliyekuwa anapepeta dagaa kutoa mchanga, kimya muda wote kana kwamba tunamjadili mtu mwingine.

"Kwa nini saikolojia?"

"Mjomba, bibi alikuwa anasema ana mawazo. Kila siku anasema. Na kila siku tulikuwa tunampa panadol."

Akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga ya mama yake, akachukua simu na kuingiza ile namba. Ya Dodoma. Dada alimtazama mpaka alipomaliza, hakusema lolote juu ya ajira. Aliuliza tu kama huko Dodoma usiku kuna baridi, na blanketi linauzwa shilingi ngapi Makoroboi.