Wageni wa Magharibi, Njooni Asubuhi

Hapa Mtwara mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, hutembelewa jioni. Asubuhi watu wako shamba, sokoni au kazini, mchana jua halitembeki, kwa hiyo baada ya alasiri ndipo mlango unapoanza kugongwa, na wa mwisho wanaingia adhana ya magharibi ikishatoka. Wanakuja na sabuni, unga wa uji, doti ya kanga, pengine na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kama ni msimu wake. Desturi nzuri, sitaki ife. Ila saa yenyewe ndiyo mbaya kuliko zote, na hili nitalisema hata shangazi zangu wakininunia.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na mara hizo hazigawanyiki sawasawa. Wengi husinzia mchana, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, au kupita hapo, hawataki kingine ila titi. Ananyonya dakika chache, anaachia, analia, anarudi, anasinzia. Ukimlaza tu, anaamka. Mara nyingi huzidi kwenye wiki ya tatu hivi, na tena karibu na wiki ya sita. Huo si ugonjwa, na peke yake si dalili kwamba maziwa yamekwisha. Jioni maziwa huwa machache kidogo kwa kila mnyonyo, lakini mafuta yake huwa mengi zaidi, na titi linalonyonywa mara kwa mara ndilo linalotengeneza kwa kasi. Yule anayelia na kurudi anajiagizia maziwa ya kesho.

Sasa mweke mzazi huyo kwenye sebule yenye watu wanane. Umeme umekatika, feni imesimama, Desemba hii ya kwetu, naye kajifunika kanga mbili kwa sababu baba mkwe kakaa kiti cha mbele. Mtoto anazungushwa mkono kwa mkono: huyu anamtazama pua, yule anauliza kafanana na nani. Anaanza kutafuta kwa mdomo. Mgeni anasema, "Katoka kunyonya sasa hivi, nipe nimbembeleze." Mama anaona haya kumdai mwanawe. Robo saa baadaye mtoto analia kwa hasira, na mtoto mwenye hasira halishiki titi vizuri. Hapo ndipo hukumu inatoka, na kwa kawaida inatoka kwa mtu anayempenda kweli: "Mwanangu, maziwa hayamtoshi huyu."

Baada ya hukumu zinakuja dawa. Mmoja anataja maji kidogo, maana joto hili mtoto ana kiu. Mwingine uji mwepesi, mwingine kopo la maziwa, mwingine dawa ya chango. Kuhusu kiu niseme wazi: maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, na Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, nchi za joto zikiwemo. Chupa ya jioni ina ubaya wake mwingine. Mtoto akishiba hiyo, titi halipati lile agizo, na wiki ijayo maziwa yanapungua kweli. Aliyetabiri anaonekana alijua.

Mama yangu, mtu wa Mikindani, alilimaliza jambo hili nilipojifungua, bila kugombana na mtu. Jioni alitandika mkeka barazani, akaweka birika la chai, akakaa mlangoni mwenyewe. Kila aliyefika aliambiwa, "Karibu, mzazi ananyonyesha, tukae hapa." Watu walikunywa chai, wakazungumza ya korosho na ya wanasiasa, wakaacha walichobeba, wakaenda zao. Sikumsikia hata mmoja aliyelalamika. Ndani nilikuwa kitandani na mtoto, sijajifunika kitu, nina jagi la maji karibu.

Na akina baba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba angalau siku 3. Siku 3 ni kichekesho, nakubali. Lakini ugumu ninaousema unakuja jioni, na jioni baba kesharudi nyumbani. Kupika wali, kumwogesha mtoto mkubwa, kumpakata mchanga acheue wakati mama anakula kwa mikono miwili: yote hayo hayahitaji titi. Kijiwe cha kahawa kitamsubiri mwezi mzima bila kuhama.

Mwenye wasiwasi asipime kwa kilio cha saa moja usiku. Apime kwa nepi: kuanzia siku ya 5 hivi, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa siku. Apime kwa kadi ya kliniki: mtoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia ule wa kuzaliwa kwenye wiki ya pili. Mtoto asiyeongezeka, anayekojoa kidogo, aliyelegea, mwenye joto kali au macho ya manjano, au anayekataa titi kabisa, huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja kuche. Na chuchu zikichanika, mama amwone muuguzi atazame mtoto anavyoshika titi. Mara nyingi anashika ncha tu badala ya kujaza mdomo.

Najua wapo watakaosema hawana nafasi nyingine ila baada ya kazi. Basi pitieni uani. Acheni chungu cha samaki jikoni, osheni vile vyombo, mchukueni mtoto mkubwa akalale kwenu leo. Mchanga mtamwona Jumamosi saa nne asubuhi, kashiba, kalala, na mama yake keshaoga.