Daktari, nimekuletea gego

Jumamosi nilimpeleka mpwa wangu kwa daktari wa meno. Gego la chini lilimkesha usiku kucha, kajifunga kanga shavuni kama bibi kizee. Daktari mwenyewe kijana, mstaarabu, mikono myepesi. Akalichungulia gego, akasema linazibika. Nikashusha pumzi. Kumbe hajamaliza. Akageuza kile kioo chake kidogo, akagonga meno mawili ya mbele, tik tik: "Na huu mwanya, mama, tutaufunga lini?"

Tutaufunga lini! Kana kwamba ni mlango nilisahau kuurudishia.

Mtoto ana miaka 15. Aliingia pale na jino bovu moja, akatoka na ubaya ambao asubuhi hakuwa nao. Kwenye daladala ya kurudi konda akapiga mzaha, gari zima likaangua kicheko, naye akacheka, kiganja kiko mdomoni. Huyu ni mtoto ambaye akicheka unaona mpaka kidakatonge.

Mwanya, jamani! Mwanya ambao bibi yake aliposwa nao. Namjua dada mmoja aliyekwenda kuchongwa meno ili aupate (sasa akinywa maji baridi anaruka, lakini hayo tuyaache). Leo tunaambiwa ni ugonjwa unaosubiri tarehe.

Simlaumu kijana peke yake. Jicho la fani hufunzwa kutafuta kasoro, kama fundi cherehani anavyoona mshono uliopinda mgongoni wakati sisi tunamwona bibi harusi. Na hili limepimwa. Mwaka 1999 huko Marekani, Kokich na wenzake walichapisha utafiti wao: walichukua picha za tabasamu, wakazichezea makusudi kidogo kidogo, wakawapa watu wazipime. Kundi moja lilikuwa wataalamu wa kupanga meno, la pili madaktari wa meno wa kawaida, la tatu raia kama mimi na wewe. Mstari wa katikati ya meno ya juu ulisogezwa pembeni hadi milimita 4, yaani karibu nusu ya upana wa jino la mbele. Wapanga meno wakakunja uso. Raia hawakuona kitu. Utamu wenyewe ni huu: hata madaktari wa meno wa kawaida hawakuona! Kwa hiyo kuna "ubaya" ambao ili uuone lazima kwanza ukausomee, halafu mgonjwa ndiye akalipie ada.

Haya, nikubali kwa shingo upande. Jino lililoinama, milimita 2 tu, makundi yote matatu yaliliona. Na meno yaliyopandana ni shida kuyapiga mswaki. Anayehitaji waya avae waya. Sijasema tuoze midomo kwa jina la utamaduni.

Wala sisi raia tusijifanye malaika. Nilisoma na msichana wa kule Meru, Arusha, ambako maji ya visima vingi yana floraidi nyingi na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia. Daktari atakwambia ni madini ya maji, si uchafu. Nani aliyekuwa akimwambia apige mswaki? Sisi. Kwenye picha ya darasa letu ni yeye tu aliyebana midomo, kama fundi aliyeshikilia pini. Pale jicho la kitaalamu ndilo lingekuwa na huruma, na letu ndilo lililokuwa baya.

Ndiyo maana sidai raia yuko sahihi siku zote. Nadai aulizwe. "Unalipenda tabasamu lako?" Sekunde tatu. Mtoto angejibu ndiyo, maana ndivyo ilivyokuwa mpaka saa nne ya Jumamosi ile, na daktari angerudi kwenye gego lake. Badala yake nimekabidhiwa karatasi ya makadirio. Kwa hela ile unanunua pikipiki iliyotumika na chenji ya helmeti inabaki.

Jana jioni nimemkuta chumbani mbele ya kioo, anajifunza kutabasamu bila kufungua midomo. Aliponiona akajifanya anatafuta kitana.

Alhamisi tunarudi. Kuziba gego.