Tulienda Kutembea, Tukaishia Msibani

Shemeji yangu, mume wa dada, kakaa Lyon miaka mingi, na Ufaransa imemwambukiza ugonjwa mmoja: kutembea bila kwenda popote. Unaendesha gari mpaka kijijini, unaliegesha kando ya kanisa, unakata kilomita 12 kwa miguu kupitia mashamba ya watu, halafu unarudi kwenye gari lile lile. Nilipomuuliza tunakwenda kumwona nani, alinitazama kwa huruma.

"Shem, hatuendi kwa mtu. Tunazunguka."

Nikamwambia basi tuzunguke sebuleni. Akacheka, akanirushia mkoba. "Wewe mtu wa Moshi, vilima vya huku vikushinde?" Kilimanjaro mimi nimeitazama tangu utoto kupitia dirishani, na uhusiano wetu uliishia hapo, lakini ukishasema umetoka Moshi hakuna anayekusikiliza.

Tulikwenda Brionnais, kusini mwa Burgundy. Ni nchi ya ng'ombe weupe wanaoitwa Charolais, wakubwa kama kabati, na ya makanisa ya kale ya mawe ya manjano, ya karne ya 11 na 12, mpaka unajiuliza waumini wote hao walitoka wapi. Njiani alinionyesha la Anzy-le-Duc, lenye mnara wa pembe nane. Zuri kweli. Ningefurahi tungeishia pale tukala.

Njia zenyewe zina alama za rangi kwenye miti, nguzo na kuta. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni wa safari ndefu za siku nyingi. Njano ni ya mizunguko mifupi ya watu wa kawaida. Ukikuta msalaba wa X, maana yake siko huko, rudi. Mpango mzuri kabisa, isipokuwa kwamba kijiji jirani nacho kina mzunguko wake, nao pia ni wa njano.

Shemeji alivaa kizibao cha rangi ya chungwa kinachowaka, maana ilikuwa vuli, msimu wa wawindaji, na hakutaka kudhaniwa nguruwe pori. Mimi nilikuwa na suruali ya mazoezi nyekundu. Ilikuwa nzima mpaka tulipofika kwenye uwanja wa malisho ambao njia inapita katikati. Tulifungua geti, tukalifunga kama ustaarabu unavyotaka, na ng'ombe wote wakainua vichwa. Kisha wakaanza kutufuata. Hawakukimbia. Walitembea tu, kwa heshima, kama thelathini hivi, na sisi tukaongeza mwendo, nao wakaongeza. Shemeji alisema ni udadisi tu, hawana neno. Alisema hayo akiwa tayari ng'ambo ya uzio. Mimi niliruka pale penye seng'enge, na seng'enge ikabaki na kipande cha suruali kutoka sehemu ya kukalia.

Kufika kijijini maji yameisha, na ilikuwa Jumatatu. Jumatatu ya kijiji cha Ufaransa usiiombe. Duka la mikate limefungwa, mgahawa umefungwa, paka ndiye pekee aliye kazini. "Usijali," shemeji akasema, "twende makaburini." Nikadhani amekata tamaa. Kumbe makaburi ya kule huwa na bomba la maji ya kumwagilia maua, na watembeaji wote wanajua siri hiyo.

Sasa sikilizeni habari ya ukuta. Mwaka 1804, enzi za Napoleon, ilitolewa amri kwamba makaburi yahamishwe nje ya makazi na yazungushiwe ukuta usiopungua mita mbili. Amri ile ilitekelezwa vizuri sana pale. Geti lilikuwa moja. Nami niko nimeinama bombani, najaza chupa, suruali imeachama, ndipo gari la maiti likaingia.

Nyuma yake kijiji kizima, nguo nyeusi, kimya. Ndiyo maana kule nje hapakuwa na mtu.

"Shem, tufanyeje?"

"Tusimame kama watu wengine."

Kwetu msiba haupewi mgongo, na kwa hali ya suruali yangu, mgongo wangu haukuwa wa kumpa mtu yeyote. Nikajibandika ukutani. Shemeji alivua kizibao chake, akakifinyanga akakiingiza mfukoni, kikawa kinachungulia.

Padri alisali, kisha watu wakapanga foleni kunyunyiza maji ya baraka juu ya jeneza. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu akanishika mkono kwa upole, akanipanga mstarini. Mimi ni Mlutheri, hicho kifaa sijawahi kukishika. Nilikipokea, nikakitikisa jinsi ninavyopiga dawa mibuni ya baba, na padri akafuta miwani.

Baada ya hapo, kuwapa pole wafiwa. Nikakumbuka rambirambi. Nikatafuta kwa macho yule mtu wa daftari na kalamu anayeandika michango, hayupo. Nikaona nitafanya kimyakimya: nilipompa mkono mjane, nikamwachia noti ya euro 10 kiganjani, kama anavyofanya mtu aliyelelewa. Mama wa watu aliitazama, akanitazama, akaikunja taratibu.

Mwanawe, mwanaume mnene mwenye mikono ya kazi, akauliza mlimfahamu baba kwa njia gani. Kifaransa changu ni cha sokoni. Nilitaka kusema tulikuwa tunapita tu, tukafukuzwa na ng'ombe. Katika sentensi nzima lililotoka ni moja: "Ng'ombe."

"Aaah!" wakasema wazee wote kwa pamoja. Kumbe marehemu alikuwa mfugaji mkubwa, na ng'ombe hao wana wateja nchi nyingi duniani. Mjane akamnong'oneza mwanawe kitu, akimwonyesha ile noti. Shemeji, ambaye Kifaransa anakijua, aligeuka rangi.

"Amesema nini?"

"Amesema umekuja kulipa deni."

Tulisaini kitabu cha maombolezo kwa sababu bibi yule yule alitupeleka. Shemeji, kwa kiherehere cha adabu, akaandika na anwani ya nyumbani. Tukatoka mbio za staha. Tukaona njano ya kwanza kwenye nguzo, tukaifuata bila kuuliza; tukapanda kilima, tukashuka bondeni, tukavuka kijito, shemeji akinihakikishia kwamba gari liko nyuma ya miti ile. Nyuma ya miti ile kulikuwa na kanisa. Mbele ya kanisa kulikuwa na kijiji kizima, nguo nyeusi, wanaingia ukumbini kula.

Mzunguko wa kijiji. Ulituchukua ukaturudisha pale pale, kama ilivyo kazi yake.

"Mmerudi!" akasema yule mwana, na safari hii hakukuwa na ukuta wa kujibandika. Tuliketishwa meza ya familia. Kulikuwa na soseji kavu, jibini la mbuzi, mkate mtamu wenye lozi nyekundu za sukari, na divai ambayo shemeji aliikataa mara moja tu. Wazee watatu walinieleza habari za madume ya mbegu kwa kirefu. Nilitikisa kichwa pale walipotikisa. Mmoja akaniuliza bei ya ng'ombe Tanzania, nikamtajia ya mbuzi nikidhani kauliza mbuzi, na meza nzima ikaguna kwa wivu.

Jioni yule mwana akatubeba kwa gari lake la shamba mpaka lilipokuwa letu, sisi wawili na mbwa mmoja kiti kimoja. Mbwa alikaa dirishani.

Baada ya wiki chache ikaja kadi ya shukrani, ya kuchapwa, yenye ukingo wa kijivu. Chini, kwa mkono, mwana ameongeza kwamba amepekua vitabu vyote vya baba na hakuona jina letu. Je, zile euro 10 ndizo zilikuwa za mwisho?

Shemeji anasema tujibu ndiyo, tumemaliza. Dada anasema ng'ombe mzima hauzwi euro 10, tuongeze.