Bunduki ambayo risasi yake haiuzwi dukani

Barazani kwa mzee mmoja jirani yangu, Tabata, Dar es Salaam, nilikuta maganda matano ya risasi yamepangwa juu ya stuli kama kete za bao. Mzee huyu amestaafu kazi ya uwindaji wa kitalii. Kwa miaka mingi alikuwa akiwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwafikisha porini. Aliokota ganda moja la shaba ya njano, karibu urefu wa kidole, akaniwekea kiganjani.

"Soma kitakoni."

Nikasoma: 375 H&H.

"Sasa tazama mdomo."

Namba ile ni upana wa risasi kwa sehemu za elfu za inchi, na herufi ni za kampuni ya Kiingereza ya Holland na Holland. Lakini mdomo ulikuwa mpana kuliko inavyotakiwa. Kitako kinasema hili, mdomo unasema lile.

Ganda lile lililetwa na mpwa wake anayeishi Texas. Ni fundi mitambo, ana mashine yake ya kukereza chuma, na amepata mwili wa Mauser 98 ya zamani, bunduki ya Kijerumani, anaotaka kuufungia mtutu mpya wa kaliba (kipimo cha risasi) aliyoitunga mwenyewe, inayokaribia .416. Akimaliza anataka aje nayo kuwinda nyati, kwa vibali vyote. Mjomba hataki. Wamebishana kwa simu tangu Ramadhani, na mimi nimekuwa hakimu asiyeombwa. Kwa hiyo niseme ninavyoona, maana kila mmoja ana haki kwa sehemu yake.

Wamarekani risasi ya namna hii huiita waildikati, yaani paka wa porini. Fundi huchukua ganda linalouzwa madukani, hulibana shingo au kulitanua, pengine hulisogeza bega, kisha huchonga chemba ya bunduki, yaani tundu linamokaa ganda, ilingane na umbo hilo jipya. Hakuna kiwanda kinachoitoa. Kila risasi utakayoipiga umeijaza mwenyewe mezani kwako.

Mpwa anasema watu wanaoicheka kazi hii wamesahau risasi zao zimetoka wapi, na hapo hajakosea. Chukua .22-250. Ilianza kama ganda la .250 Savage, risasi ya mwaka 1915, ambalo mafundi wa Marekani walilibana shingo miaka ya 1930. Kwa takriban miaka 30 haikuwa na kiwanda. Mwaka 1963 kampuni ya Browning wakaanza kuuza bunduki yake, jambo la ajabu, kwa sababu risasi zenyewe bado hazikuwa dukani. Remington wakaipokea rasmi 1965, na leo ni risasi ya kawaida kabisa. .25-06 nayo ilitembea njia hiyo hiyo hadi 1969.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mashindano ya shabaha. Mwaka 1975 Lou Palmisano, daktari, na Ferris Pindell, fundi, walitengeneza 6 PPC, risasi iliyotawala mashindano ya kulenga ukiwa umeegemeza bunduki mezani. Ganda waliloanzia lilikuwa .220 ya Kirusi, nalo limezaliwa na ile 7.62x39 inayopigwa na AK-47, bunduki tunayoiita SMG. Yaani risasi ya lindo la benki, ukiifuata ukoo, utamkuta bingwa wa shabaha. Hilo halikutoka kwenye kamati ya kiwanda. Lilitoka kwa watu wawili waliokuwa na muda na udadisi.

Halafu kuna Jack Lott, mwindaji wa Kimarekani, ambaye kwa sisi wa huku ndiye mfano unaogusa. Mwaka 1959 alijeruhiwa vibaya na nyati huko Msumbiji akiwa na .458 Winchester Magnum, risasi iliyotoka 1956 na kupokelewa kwa shangwe kwa sababu iliahidi nguvu za bunduki ghali za Kiingereza kwa bei ya mtu wa kawaida. Tatizo lilikuwa ndani ya ganda. Urefu wake ni milimita 63.5 tu, na ili kuisukuma risasi ya gramu 32 kwa mwendo wa mita 650 kwa sekunde ilibidi baruti ishindiliwe. Baruti iliyoshindiliwa ikakaa muda mrefu kwenye joto huweza kugandamana, na ikigandamana haiungui sawasawa. Unavuta kifyatulio, bunduki inalia, lakini mwendo uliolipia haupo. Mbele ya nyati hilo si suala la takwimu.

Lott akaketi akatafakari, na kufikia 1971 alikuwa na jibu: ganda la ukoo wa .375 H&H, lililonyooshwa na kuachwa na urefu wa milimita 71. Nafasi ya baruti ikaongezeka, mwendo ukafika karibu mita 700 bila kushindilia kupita kiasi. Ilibaki waildikati kwa miaka mingi; Hornady, kampuni ya risasi, walianza kuitoa kiwandani mwaka 2002.

Mpwa anaishia hapo kila anapoisimulia. Mimi naona ameacha kipande kitamu zaidi. Chemba ya Lott ni ndefu kuliko ya .458 ya kawaida, lakini upana ni ule ule. Kwa hiyo ukiishiwa, unaweza kupiga .458 ya dukani ndani ya bunduki ya Lott, kama mtu mfupi anavyolala kitanda kirefu bila shida. Mafundi wa kizazi cha P. O. Ackley, fundi bunduki wa Marekani, nao waliliona hilo. Chemba zake nyingi "zilizoboreshwa" hupokea risasi ya kiwandani ya kaliba mama. Unaipiga, ganda linatanuka kufuata chemba, unaliokota na kulijaza upya. Hata ukikosa ya kwako, bunduki hailali njaa.

Hii ya Texas haina mlango huo. Mtutu ni .416. Risasi ya .375 hata ikiingia chembani itapita mtutuni ikiyumba, haishiki mifuo ya ndani inayoizungusha, na hakuna mtu mwenye akili atakayeijaribu.

Sasa faida yenyewe ni kiasi gani? Kwa .280 ya Ackley, ambayo ni miongoni mwa zilizofanikiwa sana, ongezeko juu ya .280 ya kawaida ni kama mita 30 kwa sekunde. Kwa mtu anayepiga shabaha mbali sana, sawa. Kwa nyati aliyesimama kwenye kichaka hatua 60 mbele yako, sijui nani atamwambia kwamba risasi hii imekuja na mita 30 za ziada. Mzee hucheka sana hapa. Na .416 za kiwandani zipo: kampuni ya Rigby ya London ilitoa ya kwake 1911 na bado inauzwa. Mpwa anabuni gurudumu ambalo limeshafungwa kwenye gari.

Ukitaka kaliba iliyotungwa kwa sababu, tazama alichofanya Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, mwaka 1905, nchi hii ikiwa bado chini ya Wajerumani. Walowezi na wawindaji wa makoloni ya Afrika walihitaji risasi ya wanyama wakubwa, lakini bunduki kubwa za Kiingereza ziliwashinda bei. Bock akatengeneza 9.3x62, yenye urefu unaoingia kwenye Mauser ya kawaida bila kuikata wala kuitanua. Aliitengeneza risasi kwa ajili ya bunduki ambayo watu tayari walikuwa nayo. Waildikati nyingi hufanya kinyume: bunduki nzima inajengwa ili kuitumikia risasi.

Lakini kwa Dar es Salaam hoja nzito iko uwanja wa ndege, na hapa mzee anaongea kwa machungu ya kazi. Mgeni wa uwindaji huja na kibali kinachotaja aina ya bunduki, namba yake, kaliba na idadi ya risasi. Afisa hulinganisha karatasi na vitu mezani. Karatasi inasema .416 ya jina asilowahi kulisikia, kitako cha ganda kinasema 375 H&H. Afisa hana kosa. Kazi yake ni kuona kama vinafanana, na havifanani. Mzee anakumbuka mgeni aliyekaa saa nyingi kwenye benchi kwa sababu ya maandishi tofauti kitakoni, huku gari la kambini likisubiri nje.

Kuna na mizigo. Mashirika ya ndege humruhusu abiria kilo 5 za risasi, tena ndani ya begi la kukabidhi. Begi likibaki njiani, mwenye .375 ataazima kambini, kwa sababu hapa .375 ndiyo kipimo cha chini kwa tembo, nyati na simba, na kila kambi inayo. Mwenye waildikati atakuwa amesafiri nusu ya dunia na fimbo nzuri ya chuma. Wakazi wa mji huu wanaijua hali hiyo bila kushika bunduki: ni kama kununua gari ambalo spea zake hazipo Kariakoo.

Lipo jambo jingine ambalo wote wawili hawalizungumzi. Kwetu mtu anayetengeneza bunduki nyumbani ana jina, na silaha yake ina jina: gobore. Mhunzi wa magharibi mwa nchi anayefua mtutu kwa bomba na kusaga baruti yake ni mbunifu pia, na pengine ana njaa kuliko mpwa wa Texas. Yeye akikamatwa anakwenda mahakamani. Sheria ya silaha na risasi ya 2015 haimruhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila leseni. Inauma kidogo kuona kipaji kile kile huko ni burudani ya wikendi na huku ni kosa la jinai. Hata hivyo siwezi kuilaumu sheria. Itifaki ya Nairobi ya 2004 ilizitaka nchi za ukanda huu ziweke alama kwenye silaha kwa sababu bunduki isiyo na namba ikishaua haina wa kuulizwa. Mpwa anafanyia kazi mahali panaporuhusu, na Mauser yake ina namba. Ila asije akadhani kijana wa mtaa wa Gerezani hapa mjini mwenye mashine kama yake anaweza kumuiga.

Bunduki yenyewe aijenge. Kitako kilichopimwa kwa bega la mwenyewe, mtutu uliofungwa kwa utulivu, kifyatulio kisichokwaruza: hivyo vina faida ambayo hata mzee haibishii. Nilimshauri auchonge mtutu huo huo kwa .416 ya kiwandani, au kama anapenda sana damu ya Lott, afunge wa .458 Lott. Ile ya kujitungia aiweke kwa ajili ya uwanja wa shabaha wa kwao, ambako ikimshinda anarudi nyumbani kwa gari lake.

Jumapili akajibu kwa picha. Ameagiza maganda mapya yaliyogongwa jina la kaliba yake kitakoni, herufi safi, ili afisa wa uwanja wa ndege asipate la kuuliza. Mzee aliivuta picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na miwani, akasoma polepole.

"Haya, imeandikwa," akasema. "Mwambie aandike na duka."