Jangwa la Dune na udongo wa Katanga: filamu zipi za kungojea?

Zungumza habari za filamu za sayansi ya kubuni katika mitaa ya Lubumbashi kama Kamalondo au Katuba, na hutakosa mtu wa kukukata kauli: "Ile ni ya bazungu." Ana sababu zake. Filamu hizo zinatengenezwa mbali kwa mamilioni ya dola, na huku Lubumbashi zinafika zimetiwa sauti za Kifaransa, mara nyingi kwenye flashi, wakati wengine wameshamaliza kuzijadili. Lakini nikitazama zilizotangazwa kwa mwaka 2026 na mwanzo wa 2027, nakubaliana naye nusu tu.

Chukua Dune: Part Three ya Denis Villeneuve, iliyopangiwa tarehe 18 Desemba 2026. Tangu sehemu ya kwanza (2021), hadithi ni ya sayari ya mchanga yenye kiungo cha thamani (spice) ambacho bila hicho safari za kati ya nyota haziwezekani. Wakubwa wa ulimwengu wanakigombania, na wenyeji wanaokanyaga utajiri huo kila siku hakuna anayewauliza neno. Mtu wa Katanga anahitaji kufasiriwa nini hapo? Kongo inatoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na malori ya madini kutoka upande wa Kolwezi tunayaona yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Avatar (2009) ilikuwa na madini yake, Black Panther (2018) nayo yake. Hollywood inapenda sana mgodi, mradi uwe kwenye sayari nyingine au katika nchi isiyo kwenye ramani.

Wanaoipinga Dune wanasema mkombozi wa wenyeji ni mtoto wa watawala kutoka nje, na kwamba Fremen, wenyeji wa sayari hiyo, wamevishwa maneno na desturi za Waarabu huku waigizaji Waarabu wakikosekana kwenye nafasi kubwa. Ni kweli, na filamu mbili za kwanza hazikulijibu hilo vizuri. Ila sehemu hii inatokana na kitabu cha Dune Messiah cha 1969, ambamo Frank Herbert anamgeuka shujaa wake mwenyewe: Paul amekuwa mfalme, na vita vilivyopiganwa kwa jina lake vimeua mabilioni. Wanaokumbuka AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila, ikiingia Lubumbashi Aprili 1997, na yaliyofuata, wataielewa hadithi hiyo kuliko watazamaji wengi wa Los Angeles. Kwangu hiyo ndiyo ya kwanza kungojea.

Kwa Christopher Nolan moyo wangu ni mzito kidogo. Oppenheimer (2023) ilichukua saa tatu kueleza bomu la atomiki, ikabeba Oscar 7, na haikupata dakika moja ya kutaja mgodi wa Shinkolobwe, hapo kando ya Likasi, palipotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu hilo. Sasa analeta The Odyssey, hadithi ya kale ya Wagiriki, iliyopangiwa 17 Julai 2026, akiwa na Matt Damon, na miongoni mwa waigizaji yumo Lupita Nyong'o. Sehemu yake imepigwa Maroko, na pia Dakhla, katika Sahara Magharibi inayotawaliwa na Maroko, jambo lililowaudhi watetezi wa Wasahrawi. Ardhi ya Afrika imeingia tena kwenye picha bila jina lake. Hata hivyo Nolan anajua kusimulia, na safari ya mtu anayepigania kurudi nyumbani haina mwenyewe.

Tatizo lake ni lingine: ni filamu ya kwanza ndefu ya kuigiza kupigwa yote kwa kamera za IMAX za mkanda wa filamu, zilizotengenezewa skrini kubwa mno. Lubumbashi hatuna skrini hiyo. Kwenye simu, huku umeme ukikatika, nusu ya alichokitengeneza imeshapotea. Ndiyo maana Avengers: Doomsday ya mashujaa wa Marvel, nayo ya 18 Desemba, naiacha bila majuto: ondoa ukubwa wa skrini na kelele, kisha umdai mtazamaji awe ameona filamu zaidi ya 30 zilizotangulia, kinabaki nini?

Wajapani wameonyesha njia nyingine. Godzilla Minus One (2023) iligharimu chini ya dola milioni 15 na ikapata Oscar ya picha za kompyuta, kazi ya kikundi cha watu 35. Inayofuata, Godzilla Minus Zero, imetangazwa kwa Novemba 2026. Hofu ya watu waliotoka vitani haihitaji skrini ya ukubwa wa ukuta mzima. Resurrection ya Mchina Bi Gan, kuhusu dunia ambamo watu wameacha kuota ndoto, ilipewa zawadi maalumu Cannes 2025. Ni nzuri, lakini usiianze ukiwa na usingizi.

Atakayesema tuachane na hayo yote tutazame vya kwetu ana hoja nzito. Augure (2023) ya Baloji, mzaliwa wa mji huu, ilipigwa hapa na Kinshasa, Kiswahili kimo, na ilipewa zawadi Cannes. Neptune Frost (2021) iliwafanya wachimbaji wa madini ya koltani kuwa wadukuzi wa kompyuta. Kumbe bunilizi tunayo. Shida ni kwamba zilizunguka matamasha ya Ulaya na Marekani kwanza, na kuipata Augure kihalali huku kwetu ni kazi kuliko kupata filamu yoyote ya Marvel. Hapo lawama si ya mtazamaji.

Kati ya pande hizo mbili inasimama Children of Blood and Bone, ya tarehe 15 Januari 2027. Kitabu ni cha Tomi Adeyemi, Mmarekani wa wazazi Wanigeria, na miungu ni ya Kiyoruba. Muongozaji, Gina Prince-Bythewood, ndiye wa The Woman King (2022), anayeongoza waigizaji ni Thuso Mbedu wa Afrika Kusini, na lugha ni Kiingereza. Wapo watakaoiita Afrika ya dukani. Watu wa makanisa yetu watasema ni uchawi, kama walivyouona kwenye mengine mengi, na mabishano hayo majumbani yatakuwa makali kuliko ya Dune. Mimi nitaitazama, nikisikiliza zaidi jinsi wenyeji wa hadithi wanavyopewa nafasi ya kukosea na kuchagua wenyewe. Wakipewa, Kiingereza nitakivumilia.