Wosia wa kukiachia chuo mali si rahisi hivyo

Kuna makala nimeisoma inayosema mtu akishaandika wosia kwamba shamba lake lote liende chuo kikuu, watoto hawana la kusema tena. Si kweli, angalau hapa Kenya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakupa uhuru wa kumwachia umtakaye, lakini kifungu cha 26 kinamruhusu mjane au mtoto aliyeachwa mikono mitupu kwenda mahakamani kudai fungu la kumtosha. Na Muislamu haruhusiwi kuusia zaidi ya theluthi moja, ila warithi wenyewe wakiridhia. Nimekuwa karani wa wakili miaka tisa, nimeyaona. Mwalimu mmoja mstaafu alituletea karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: ploti iende “chuo”, isomeshe watoto maskini. Chuo kipi? Hakuandika. Shahidi mmoja tu, bawabu wake, na sheria inataka wawili. Bahati nzuri alikuwa bado hai, tukauandika upya siku ile ile: jina rasmi la chuo, namba ya hati, na ploti iende kwa nani chuo kikiikataa (ploti yenye mgogoro nani anaitaka?). Mkewe alikaa kimya muda wote, kisha akauliza, “Mbona mimi nasikia leo?” Tangu hapo kila mteja namuuliza kwanza kama nyumbani wanajua. Wenzangu, kuna aliyewahi kukutana na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa mali ya wosia, au pesa zote huishia kwenye jengo lenye jina la marehemu?