Ukija ughaibuni kufanya kazi ya vinasaba, usije kujifunza mashine

Wadogo zetu wanaomaliza shahada ya sayansi ya maabara za tiba wana swali moja wanalolirudia: nchi ipi ina mashine bora za vinasaba, waelekee huko. Jibu langu huwa haliwafurahishi. Mashine ni zile zile. Inayosoma DNA Uingereza na inayosoma DNA nyumbani zimetoka kiwanda kimoja, zina kitabu kimoja cha maelekezo, na mtu makini huzimudu ndani ya wiki chache. Tofauti iko kwenye yanayofanyika kabla sampuli haijaingia mashineni na baada ya matokeo kutoka. Huko ndiko taaluma iliko, na huko ndiko miaka ya ugenini inapaswa kutumika.

Tuanze na kipande cha nyama. Uvimbe wa mapafu ukichomwa sindano ya biopsi hutoa kipande chembamba kama uzi, urefu wake sentimita moja hivi, wakati mwingine pungufu. Tangu kinapotoka mwilini, vimeng'enya vya seli vinaanza kuzila seli zenyewe, kwa hiyo kinatakiwa kiwe ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kabla saa moja haijaisha. Fomalini hiyo iwe ya asilimia 10, iliyosawazishwa isiwe na tindikali, ujazo wake angalau mara kumi ya kipande, nacho kikae humo saa 6 hadi 72. Kikitolewa mapema, katikati hakijakolea. Kikisahaulika, fomalini inaendelea kuifunganisha DNA na protini na kuivunjavunja, hadi vipande vinakuwa vifupi mno kwa PCR, njia ya kuizidisha DNA kwa kuinakili tena na tena, kuvinakili. Fomalini isiyosawazishwa ni mbaya zaidi, kwa sababu hugeuka polepole kuwa tindikali ya fomiki humo humo chupani na kuitafuna DNA. Kuna na madhara ambayo hadubini haiyaoni kabisa: fomalini huharibu herufi C ya DNA hapa na pale, nayo ikasomeka T. Mchambuzi asiyelijua hilo ataripoti badiliko la jeni ambalo mgonjwa hana.

Ughaibuni, bloku ya nta (kipande hicho kikiwa kimegandishwa ndani ya nta) ikifika maabara ya vinasaba huja na karatasi inayoeleza kipande kilitoka mwilini saa ngapi na kiliingia fomalini saa ngapi. Nyumbani kipande cha aina hiyo hiyo mara nyingi hukaa chupani siku nyingi ndugu wakitafuta hela ya kipimo, na saa haikuandikwa na yeyote. Kipimo kikishindwa, lawama zote zinaenda kwa mashine. Kwa mfupa hali ni ngumu zaidi. Ukilainishwa kwa tindikali kali ili ukatike haraka, DNA imekwisha hapo hapo. Unatakiwa ulainishwe kwa EDTA, kemikali inayochota kalsiamu polepole, ambayo huchukua siku kadhaa, na ni maabara chache zenye subira hiyo wakati daktari anapiga simu kila asubuhi.

Kabla ya kutoa DNA, daktari wa patholojia anaangalia kwa hadubini slaidi iliyotiwa rangi (kioo chenye mkato mwembamba wa kipande hicho), anazungushia kalamu eneo lenye saratani, kisha anakadiria seli za saratani ni asilimia ngapi ya zote. Kadirio hilo ndilo linaloamua mengi. Kama seli za saratani ni asilimia 20, badiliko lililoko kwenye nakala moja kati ya mbili za jeni litaonekana kwenye takriban asilimia 10 tu ya DNA. Usomaji wa DNA kwa njia ya zamani ya Sanger hauoni vizuri chini ya asilimia 15 hadi 20. Kwa hiyo ukiandika "hakuna badiliko la EGFR" (jeni ambayo ikibadilika huchochea saratani ya mapafu) kwenye sampuli kama hiyo, umemnyima mgonjwa dawa ya vidonge ambayo pengine ingemfaa. Jibu sahihi ni kwamba sampuli haitoshi kujibu swali. Eneo lililozungushiwa linakwanguliwa kwa wembe kutoka slaidi ambazo hazijatiwa rangi, na wembe hubadilishwa kila mgonjwa. Wembe mmoja kwa wagonjwa wawili unatosha kuhamisha badiliko la mmoja hadi kwenye ripoti ya mwingine.

Hapa ndipo penye somo kubwa la ughaibuni, nalo halimo kwenye mtaala wowote: haki ya kukataa sampuli. Mteknolojia mchanga aliyeajiriwa juzi anaweza kurudisha chupa ya damu ya daktari bingwa kwa sababu ina kifuniko cha kijani, yaani ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini huizuia PCR. Alitaka ya zambarau, yenye EDTA. Anaandika sababu, anapiga simu, na hakuna anayemwona mkosefu wa adabu. Nyumbani tofauti ya vyeo inamfunga mdomo. Mtu wa maabara anaijua kasoro, anaendelea kupima, matokeo yanatoka yakiwa mabovu na saini yake iko chini. Nalisema hili kwa uchungu, maana ujuzi anao. Ila niseme pia kwamba kukataa nyumbani kuna gharama isiyoko huku: mgonjwa amesafiri mbali na hana nauli ya kurudi. Ndiyo maana dawa ya tatizo hilo ni kumfundisha mapema yule anayetoa damu na yule anayekata nyama, sampuli isije ikaharibika kwanza ndipo ikataliwe kaunta.

Jambo la vyumba nalo linastahili kuelezwa. PCR ya mizunguko 35 inaweza kugeuza nakala moja ya DNA kuwa nakala zaidi ya bilioni 30. Ukifungua kifuniko cha bomba baada ya hapo, matone yasiyoonekana yanaruka na kutua kwenye pipeti, koti, mpini wa mlango. Kesho kila ripoti inasema mgonjwa ana ugonjwa. Ndiyo sababu ya kutenga chumba cha kuandaa mchanganyiko, chumba cha kuweka sampuli na chumba cha mashine, watu wakitembea upande mmoja tu bila kurudi, kila chumba na koti lake na pipeti zake, ncha zikiwa na vichujio, na bomba moja la maji matupu katika kila mpigo (kila mara mashine inapoendeshwa) kama kontroli hasi, yaani bomba lisilotakiwa kuonyesha chochote. Kontroli hiyo ikiwaka, mpigo wote unatupwa. Hakuna kujadiliana.

Maabara nyingi za nyumbani zimejengwa kwa chumba kimoja, na hilo linaeleza kwa nini GeneXpert imekubalika sana: kila kitu kinafanyika ndani ya katriji iliyofungwa, haifunguliwi kamwe. Watu wanaidharau kwamba ni mashine ya kifua kikuu tu. Si kweli. Ina katriji ya BCR::ABL1 (jeni mbili zilizoungana) ya kufuatilia saratani ya damu aina ya CML, ambapo kushuka chini ya asilimia 0.1 kwenye mizani ya kimataifa ndiyo dalili kubwa kwamba dawa inafanya kazi. Shida inabaki njiani. Kipimo hicho kinasoma RNA, na RNA huoza haraka kuliko DNA, hivyo damu inapaswa kufika maabara ndani ya siku moja au mbili.

Aliyepima wingi wa virusi vya UKIMWI na kifua kikuu kwa miaka mitatu tayari ni mtu wa vinasaba, ila wasifu wake haumsemi. Anaandika "nilifanya kazi maabara". Andika ulipima sampuli ngapi kwa mpigo, kwa mashine gani, na ulifanya nini kontroli ya ndani, ile inayothibitisha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi, ilipogoma. Waajiri wa huku wanaisoma sentensi hiyo ya mwisho kuliko shahada.

Kuhusu usajili, watu wanapotea sana. Uingereza, vyeo vya mwanasayansi wa biotiba na mwanasayansi wa kliniki vinalindwa kisheria, na kila kimoja kina njia yake ya kuingia HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Njia inayojulikana ya kuwa mwanasayansi wa kliniki ni mafunzo ya STP ya miaka 3, kazini kwa mshahara huku ukisoma shahada ya uzamili, na ushindani wake ni mkali. Marekani, maabara zinazopima wagonjwa ziko chini ya sheria ya ubora wa maabara, CLIA, ya 1988. Mteknolojia hutafuta cheti cha baiolojia ya molekuli cha ASCP, chama cha wanapatholojia,, na baadhi ya majimbo, kama California na New York, yanadai leseni juu yake. Shahada ya uzamivu peke yake haikupi kalamu ya kusaini ripoti kama mkurugenzi: kuna mafunzo ya miaka 2 ya jenetiki ya maabara na mtihani wa ABMGG, bodi ya jenetiki ya tiba. Daktari aliyekwishabobea kwenye patholojia huongeza mwaka 1 wa patholojia ya molekuli. Aliyesoma bioteknolojia bila kupitia maabara za tiba aliulizie baraza la wanamaabara la nyumbani kabla ya kupanda ndege kama litamtambua akirudi.

Ughaibuni nako kuna hasara yake. England imezigawa kazi za vinasaba kwenye vituo vikuu 7, sampuli zinaingia kwa maelfu, na kazi imekatwa vipande. Mmoja anatoa DNA, mwingine anaandaa laibrari (DNA iliyotayarishwa kusomwa na mashine), wa tatu anachambua. Unaweza kukaa miaka 2 ukiilisha roboti ya kutoa DNA na usione ripoti hata moja. Nyumbani mtu yule yule anatoa, anapima, anasoma, anampigia fundi, na anakimbilia bandarini kufuatilia vitendanishi vinavyotakiwa kuwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Anaijua kazi nzima. Kinachomwangusha ni hesabu: mpigo mmoja wa mashine kubwa unagharimu karibu sawa ukiwa na sampuli 4 au 24. Sampuli zikiwa chache, ama unasubiri zijae na mgonjwa anasubiri nawe, ama unaendesha kwa hasara. Kwa wingi huo mdogo, PCR ya jeni moja au mashine ndogo ina akili zaidi kuliko kununua dude la kujivunia lisilo na mkataba wa matengenezo.

Ukipata nafasi ya kuchagua kitengo, chagua tafsiri ya mabadiliko ya jeni. Miongozo ya 2015 ya ACMG, chama cha jenetiki ya tiba cha Marekani, inayagawa makundi 5, kutoka lisilo na madhara hadi lenye kusababisha ugonjwa, na katikati kuna lile la "maana yake haijulikani". Badiliko linaloonekana kwa zaidi ya asilimia 5 ya watu kwa kawaida huhesabiwa halina madhara. Lakini ni watu gani waliohesabiwa? Hifadhidata nyingi zimejaa jinomu (DNA nzima) za watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika walikuwa wameambiwa wana badiliko la ugonjwa wa msuli wa moyo, kumbe ni la kawaida kwao. Mchambuzi anayeujua upungufu huo na kuudai urekebishwe ana thamani kote kuwili.

Na akirudi nyumbani, kazi yake ya kwanza inaweza kuanza bila bajeti: kuongeza mistari mitatu kwenye fomu ya biopsi inayokwenda chumba cha upasuaji. Saa kipande kilipotoka. Saa kilipoingia fomalini. Jina la aliyeandika.